Chupa Niliyokataa Kuimwaga

Lori lilianza kufuka moshi mweupe tulipokwisha kuipita Kagongwa, mchana, kwenye mpando mdogo ambao hata haustahili kuitwa kilima. Mjomba alitoa kichwa dirishani akatazama nyuma, akapunguza mwendo, akaliacha lijisogeze lenyewe hadi pembeni mwa barabara. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Uganda. Taniboi wa mjomba, msaidizi wake garini, alikuwa amelala na malaria, nikajitolea kushika nafasi yake tupeleke Geita magogo ya kuegemezea mashimo ya mgodi. Nilitaka kuona migodi. Nilitaka pia kuwa mbali na nyumbani, ambako kila jioni hakukosekana mtu wa kuniuliza kwa nini siku hizi sisali, nami nikimwuliza yeye kwa nini anasali, mpaka chakula kinapoa.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu. Alikuwa ameendesha malori ya tajiri mmoja wa Shinyanga tangu mimi sijaanza shule. Tajiri huyo alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Tabora, mnunuzi wa pamba, na malori yake ya dizeli yalikuwa mageni mjini. Kumkabidhi mtu lori la dizeli siku zile ilikuwa kumkabidhi heshima. Wazee walimwamkia mjomba kwanza, wakati yeye ndiye aliyepaswa kuwaamkia.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Gasketi ya silinda hedi," alisema. "Kama imeungua, mjomba, mimi nimekwisha."

Nilielewa. Gasketi, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya injini, huungua injini ikichemka, na injini huchemka dereva akisahau maji ya rejeta. Tajiri alikuwa ameshamfukuza dereva mmoja kwa kosa hilo, na hakuna mwenye gari mjini aliyemchukua tena. Mtu yule sasa alikuwa akichunga ng'ombe wa shemeji yake huko Mhunze.

"Hujaona gasketi," nilimwambia. "Umeona moshi. Tuanze na moshi."

"Haya, mwalimu."

Alikuwa na njia yake mwenyewe. Alichukua sahani yake ya bati, ile ya kulia chakula, akaniambia nipige stata. Injini ilikubali kwa shida, ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Akaikinga sahani kwenye bomba la moshi, kisha akaileta puani.

"Mvuke mtupu hauna harufu," alisema huku machozi yakimtoka. "Huu unawasha macho. Kuna dizeli inatoka bila kuungua."

"Basi si hedi."

"Sahani imelowa pia. Yawezekana ni yote mawili."

Tulingoja injini ipoe, nikafungua rejeta. Maji yalikuwa pale pale alipoyajaza asubuhi. Nilimwambia apige stata, nikainamia tundu la rejeta: hata povu moja halikupanda. Kama gasketi ingekuwa imeungua, pumzi ya injini ingeyachemsha maji yale kama sufuria, nayo yangekuwa yamepungua. Nilihisi furaha ile ninayoihisi swali linapoanza kubanwa kwenye kona. Maji yapo ndani ya injini, lakini hayatoki kwenye rejeta. Yanatoka wapi?

Nikatafuta chupa tupu ya soda chini ya kiti. Nikalegeza skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, nikakinga, nikaiweka chupa juu ya bampa. Hatukungoja sana. Dizeli ilipanda juu, ya manjano. Chini yake kikabaki kipande kisicho na rangi, upana wa vidole viwili, na mpaka kati yao ulinyooka kama uliopigwa kwa rula.

"Maji!" nilipiga kelele. "Maji yamo kwenye dizeli, mjomba! Injini yako nzima. Huna kosa!"

Hakufurahi. Aliitazama chupa kwa muda.

"Mwaga," alisema.

"Nimwage? Huu ndio ushahidi wako."

"Mwaga, mjomba. Tutafungua tangi, tutoe ya chini, tutoe upepo kwenye mabomba, twende zetu. Tajiri akiuliza nitasema upepo uliingia. Upepo huingia."

"Lakini si kweli."

"Ni nani amekuuliza kweli hapa?"

Nilikataa. Nilimweleza, katikati ya barabara ile, kwamba uongo mdogo ndio unaomfanya tajiri aendelee kuamini kuwa kila moshi ni uzembe wa dereva. Nilisema mengi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara, kisha akaingia chini ya lori kufungua tangi. Mimi nikaziba chupa kwa kizibo cha gunzi la hindi, nikaifunga ndani ya shati langu. Tulipokuwa tukiijaribu tena injini, lori la mtu mwingine lilipita likielekea Shinyanga. Dereva wake alituuliza kulikoni, akakodolea moshi, akaenda zake. Tulijua habari itatutangulia.

Tulifika Geita, tukashusha magogo, tukarudi. Tajiri alikuwa akitungoja uani, na kabla mjomba hajashuka aliuliza, "Moshi mweupe wa nini?"

Nilijitokeza mimi. Nikatoa chupa, nikaeleza rejeta, povu, chujio, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili changu cha darasani. Tajiri hakunikatiza. Aliishika chupa akaielekeza kwenye jua, akaigeuza, akaitazama tena ikitulia. Aliridhika kabisa. Sijapata kumridhisha mtahini kama vile.

"Kijana amesema vizuri," alisema. "Maji kwenye dizeli. Sasa, dereva, dizeli yangu iliyokuwa mahali pa maji haya umemwuzia nani?"

Hapo ndipo nilipoona. Njia yote ya Geita ilijaa wachimbaji wadogo wenye injini za kusaga mawe, na kila mtu uani alijua kuwa wako madereva wanaowauzia dizeli njiani kisha wanajazia tangi kwa maji ya bwawa. Nilikuwa nimemwondolea mjomba kosa la uzembe, nikamvika la wizi. Mwenyewe alikuwa ameliona hilo pale pale kwenye bampa.

"Sijauza, tajiri," alisema mjomba.

"Basi niambie yametoka wapi. Nakupa mpaka keshokutwa. Baada ya hapo, polisi."

Kesho yake asubuhi, nyumbani kwa mjomba, nilimkuta mkewe akichota maji kwenye pipa lililosimama chini ya mchirizi wa paa. Bati lililokunjwa lilitoka kwenye paa mpaka kwenye tundu la pipa. Nilikuwa nimelipita pipa lile tangu likizo ianze bila kulitazama. Ubavuni lilikuwa na alama nyekundu ya tajiri.

"Mayu," nilimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "hili pipa la nani?"

"La tajiri. Yote ni ya tajiri." Alinionyesha kwa kidevu nyumba za jirani za wafanyakazi, na kila moja ilikuwa na lake. "Kisima chetu si unakijua, chumvi tupu. Mzaramo wa stoo anatuazima yakiwa matupu. Dizeli ikija stesheni anapita kutuambia, tunamwaga, tunayarudisha, anayajaza."

"Mnayakausha?"

"Utalikaushaje pipa lenye tundu la ngumi? Tunalipindua."

Maji hayaishi kwenye pipa la namna hiyo kwa kulipindua. Ukingo wake wa ndani unabaki na vikombe kadhaa, na dizeli humiminwa juu yake. Nilikimbia stoo.

Mtunza stoo alikuwa Mzaramo wa pwani, na kwa utani wa Wazaramo na Wasukuma aliweza kunitukana apendavyo.

"Msukuma umekuja mbio, ng'ombe wamepotea?"

"Nimekuja na swali."

"Maswali yako yameshamla mjomba wako. Hujashiba? Unanitaka na mimi?"

Nikamweleza. Utani ulimtoka usoni. Alifunga mlango wa stoo, akakaa juu ya gunia la mbegu za pamba.

"Sikiliza. Kuazima mapipa kumekatazwa. Nikisema, natoka mimi na watoto sita, na mapipa yote yanaondoka. Nyumba kumi na nne hapa zinywe nini mpaka masika? Mjomba wako anajua. Amekuja kwangu jana."

"Alisema nini?"

"Alisema, Mzaramo, nyamaza. Nikamwambia, na wewe? Akasema yake ataona mwenyewe."

Nilimwendea mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona kandambili. Alinikataza kwenda kwa tajiri. Nilimwuliza kama ni haki mtu mmoja abebe aibu ili watu wengine wateke maji ya mvua. Alisema hajui kama ni haki. Nilimwuliza kwa nini basi. Aliuvuta uzi mpaka ukakatika, akaanza kuupitisha upya.

Siku ya tatu nilikwenda hata hivyo. Ningeweza kusema nilimwonea huruma mjomba, lakini unyofu zaidi ni kusema sikuvumilia jambo la kweli likae bila kusemwa. Tajiri alinisikiliza kama mara ya kwanza, kisha akavaa viatu akafuatana nami hadi kwenye nyumba za wafanyakazi.

Hapakuwa na pipa hata moja. Chini ya kila mchirizi palikuwa na duara lenye unyevu, limefagiwa. Mabati yaliyokunjwa yalikuwa yamenyooshwa na kuwekwa juu ya mapaa. Wanawake walisimama milangoni, mke wa mjomba akiwa miongoni mwao.

"Mwangaluka, mama," tajiri alimwamkia kwa Kisukuma chake cha sokoni. "Kuna mtu hapa aliazima pipa langu?"

"Hapana, tajiri."

Alisema hivyo akinitazama mimi, si yeye. Baadaye nilikuja kujua kwamba mjomba mwenyewe ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba alfajiri ile kuwaambia wayarudishe, kwa kuwa alinijua.

"Msomi," tajiri alisema, "chupa ulikuwa nayo. Pipa liko wapi?"

Alionyesha unyevu kwa ncha ya kiatu, kama mtu aliyeuona vizuri, na hakuinama. Nadhani alielewa. Nadhani pia ilimfaa zaidi kuwa na dereva mmoja mwizi kuliko nyumba kumi na nne zilizomdanganya. Kwa ajili ya miaka ya utumishi hakuita polisi. Aliandika tu kwenye barua ya kumwachisha kazi kwamba mwenye barua hii asikabidhiwe chombo chenye mafuta, na dereva bila barua ya tajiri wake wa mwisho hapewi hata baiskeli.

Mjomba aliondoka wiki ile kwenda Geita, kuchimba. Mgodini chini hawaulizi barua. Nilimsindikiza hadi mahali malori yanapopakia. Hakuwa amenikasirikia, na hilo lilinichosha kuliko kama angenipiga. Aliniuliza masomo yanaanza lini. Nikamwambia. Akasema ni vizuri.

Dereva wa lori alilolipata alikuwa mtu aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Alipomwona anapanda nyuma, juu ya magunia, pamoja na vibarua, alishuka mbio.

"Kaka, njoo ukae mbele na mimi. Utanitia aibu."

"Mbele pa dereva," mjomba alisema, akavuta goti moja kumpisha mwanamke mwenye kuku, akatafuta mahali pa kushika.