Sindano Tuliyochomwa Wote Wawili

Muwasho ulinianza mwaka ule damu ya mwezi ilipokoma, tena sehemu ambayo mwanamke wa umri wangu hajikuni mbele za watu. Nilikuwa naacha jembe katikati ya mbaazi, huko shambani kwetu Endabash, naangaza macho huku na huku, kisha nachutama kama mtu aliyedondosha kitu. Siku moja nikafunga mlango na kujitazama kwa kioo kidogo. Ngozi ilikuwa nyeupe, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na mahali pengine imechanika. Sikujiuliza ni ugonjwa gani. Nilijiuliza umetoka kwa nani.

Mume wangu anaendesha watalii. Msimu ukichanganya, leo analala juu ukingoni mwa kreta, kesho Serengeti, keshokutwa anashuka kupokea wageni wengine, na nyumbani hakanyagi. Mimi nina wivu, sifichi. Hata kabla ya muwasho nilikuwa nanusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Sasa kila kitu kikawa na harufu. Kwa nini anakimbilia kuoga kabla hata hajasalimia? Kwa nini simu yake inalala kifudifudi? Ukimuuliza, jibu ni vumbi la barabarani, kana kwamba vumbi linaingia kwenye simu.

Mama mkwe wangu alinigundua kwa jinsi nilivyokuwa nakaa upande upande kwenye kigoda. Yeye ni Mwiraqw wa hapa hapa. Mimi ni wa kuja, wazazi wangu walitoka Singida kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, na hajawahi kulisahau hilo. Hakunihoji. Aliniletea bonge la magadi, yale yale anayolambisha ng'ombe na kutia kwenye makande, akaniambia niyayeyushe kwenye maji ya moto kisha niyakalie.

"Yanalainisha harage kavu la mwaka jana," alisema. "Yatashindwa na ngozi?"

Niliyakalia asubuhi na jioni. Yaliunguza mpaka machozi yakanitoka, nami nikajidanganya kwamba dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Baadaye nikaanza kumshuku na yeye. Huenda aliwaza kama nilivyowaza mimi, ila kwake mkosaji alikuwa mimi, na magadi ndiyo adhabu yangu.

Nikaenda zahanati. Muuguzi hakunilaza kitandani wala hakunitazama. Alisikia "nawashwa" na "tendo la ndoa linauma," akakata shauri kwamba ni ugonjwa wa zinaa.

"Mama, ukichomwa sindano peke yako ni kazi bure," alisema. "Mlete mwenzio."

Nilirudi nyumbani na ugomvi nimeshaupanga kichwani, mstari kwa mstari. Nilitaka akatae. Nilitaka apige meza na kuniuliza nina maana gani. Nilipomaliza kusema alichukua koti msumarini, akasema, "Haya, twende." Kule zahanati nilichomwa mimi, kisha naye akashusha suruali, akachomwa, akamshukuru muuguzi. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, nami nikaona kesi imekwisha. Mtu asiye na lake angeuliza japo swali moja.

Nikahamia chumba walichokuwa wakilala watoto kabla hawajaondoka. Muwasho haukujali sindano wala chumba. Nikampigia simu kaka yangu aliyerudi Singida kumwambia nitarudi kwao mavuno yakiisha, nikafunga nguo zangu kwenye shuka na kulisukuma furushi chini ya kitanda.

Nisingefika hospitali Karatu mjini kama mkojo usingeanza kunichoma hadi nikauogopa. Daktari alikuwa binti mdogo, lika la mwanangu wa mwisho. Yeye alinilaza, akawasha taa, akatazama kwa utulivu, kisha akanyofoa kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara. Majibu yaliporudi aliniambia jina refu la kigeni, lichen sclerosus, na akalirudia mpaka nikaweza kulitamka. Alisema ni ugonjwa wa kudumu unaofanya ngozi ivimbe na kuuma, na chanzo chake hakijajulikana vizuri, ila yaelekea kinga ya mwili inaigeukia ngozi yenyewe. Haumaliziki, lakini unatulizwa kwa dawa kali ya kupaka, kidogo tu, na nirudi kuangaliwa kila mwaka kwa sababu mara chache huzaa saratani. Nilipomtajia magadi alifumba macho.

"Mama, ulikuwa unajichubua. Acha magadi, acha na sabuni. Maji matupu yanatosha."

"Na huu nimeambukizwa na nani?"

"Hauambukizi."

"Hata mume akiwa na mwanamke mwingine?"

"Hata akiwa nao kumi, mama. Huu haukutoka huko."

Nilitoka pale na tyubu ya dawa mkononi na bila kesi. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa na hasira, maana swali moja lilikuwa bado halijajibiwa.

Nilimkuta mume wangu kwenye ngazi ya mlango, anakwangua udongo mwekundu kwenye viatu. Nikamweleza yote, jina la ugonjwa na dawa. Kisha nikamuuliza, "Sasa baba watoto, kama huna kosa, mbona ulikubali sindano bila hata neno?"

Aliendelea kukwangua.

"Nilijua umeuleta wewe," alisema. "Mimi maisha yangu ni porini, wewe uko hapa peke yako. Nikasema mke ni wangu, limeshatokea. Tutibiwe, yaishe."

Kumbe miezi yote ile niliyomnyima kitanda ili kumwadhibu, yeye alikuwa ameshanisamehe uzinzi nisioufanya. Alikula chakula changu, akaniaga kila asubuhi ya safari, huku ananijua kuwa malaya, na akabaki. Nilishindwa kujua kama hayo ni mapenzi au matusi. Nililia pale pale mlangoni, nikamwambia nashukuru, na nikamwambia asithubutu tena kunisamehe kabla hajaniuliza.