Sifuti Hii Miduara

Leo nimeambiwa nifute hesabu yangu sakafuni. Nimekataa.

Mnajua nafundisha hesabu huku Cheptais, Mlima Elgon, ambako Wabukusu na Wasabaoti ni majirani. Leo tulikuwa kwa mada ya seti.

Nikachora miduara miwili mikubwa kwa chaki, inaingiliana katikati. Nikawaambia wanafunzi: anayeongea Kibukusu nyumbani asimame huku, anayeongea Kisabaoti asimame kule.

Nafula akasimama katikati. Babake ni Mbukusu, mamake Msabaoti.

Wenzake wakaanza: "Si uchague upande, bana."

Akainamisha kichwa. Alikuwa karibu kutoka.

Nikamwambia, "Baki hapo. Hayo ndiyo makutano. Uanze na seti ya baba ama ya mama, makutano ni yale yale."

Hapo ndipo deputi wetu, naibu wa mwalimu mkuu, akaingia.

"Madam, futa hiyo kitu. Unaleta ukabila darasani."

Ati mimi ndiye naleta.

Nikasema, "Sifuti, mwalimu. Nikifuta katikati, huyu mtoto nimpeleke wapi?"

Kisha Nafula, ambaye hata mkono huwa hainui, akasema polepole, "Mimi sitoki hapa."

Wasichana wengine wakatoka upande wao, wakaja kusimama naye katikati. Kumbe nao nyanya zao ni wa ule upande mwingine, na hawakuwahi kuthubutu kusema.

Deputi akatoka. Baadaye akatuma ujumbe kwamba kesho niende ofisini.

Nitaenda, na nitamjibu vile vile.

Sasa niambieni hapo chini: wewe ungesimama wapi? Na kama ni katikati, sema bila kuogopa.