Baiskeli Nyuma ya Hema

Siti ya baiskeli ilizidi bomba la kutundikia kwa upana wa kiganja kizima, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Baiskeli za wenzake zilipita chini ya bomba bila maneno: siti inanasa juu, tairi la nyuma linaning'inia kidogo hewani, mwenyewe anaondoka zake akipiga mluzi. Ya Mlingoti ilibidi ilazwe ubavu ndipo ipite, na ikisimamishwa, siti inabaki juu kabisa, haijashika kitu, inasubiri upepo. Upepo ukaja. Baiskeli ikaangukia ya jirani, ya jirani ikaangukia nyingine, na mwenye ile ya tatu akaja mbio mikono kichwani.

"Jamani, huo mnara wenu mtaumaliza kujenga lini?"

"Samahani, kaka," alisema Dada, huku akiinua baiskeli moja moja. "Mdogo wangu huyu aliumbwa bila kipimo."

Mlingoti alicheka. Alikuwa kijana mpakiaji wa mizigo kwenye ghala la saruji, mrefu wa kuinamia kila mlango, na yule aliyekuwa akiinua baiskeli ni dada yake wa tumbo moja, mshona mapazia. Mama yao alifariki Mlingoti akiwa bado anafundishwa kuandika jina lake, na tangu siku hiyo Dada ndiye mama, ndiye baba, ndiye wa kuitwa shuleni kijana akivunja dirisha. Lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa kumpatia vitu vya kumtosha. Suruali aliyomshonea mwaka unaanza, ukifika katikati imeshakuwa kaptula. Alishusha pindo, akaunga kitambaa, akaunga tena mpaka miguu ya suruali ikawa na rangi tatu. Kitanda kilipokuwa kifupi alikikata ubao wa miguuni kwa msumeno wa kuazima, bila kumuuliza mwenye nyumba ambaye kitanda kilikuwa chake. Ndivyo alivyozoea. Kitu kisipomtosha mdogo wake, Dada hatafuti ruhusa, anatafuta namna.

Haya mashindano hakuyapenda tangu mwanzo. Mtu anaogelea ziwani, anatoka amelowa chepechepe, anakimbilia uwanja wa kubadilishia, anavaa helmeti na viatu, anachomoa baiskeli, na akirudi nayo anaanza tena kukimbia kwa miguu. Aliyebuni mateso hayo bila shaka hakuwa na kazi nyumbani kwake. Kwa baiskeli na mbio Dada asingegomba, maana kijana alikuwa na mapafu. Kilichomnyima raha ni maji. Mlingoti alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima mwenye ndevu, na kujifunza ukubwani, tena maji, Dada hakukuamini hata kidogo. Alipoona hasikilizwi, akajiandikisha kuwa msaidizi wa uwanja, apewe fulana na kibali, awe karibu.

Mkuu wa uwanja alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo ambaye kila mtu alimwita Filimbi, hata mkewe. Asubuhi hiyo aliwapanga wasaidizi mstari kama watoto wa shule.

"Baiskeli ikae chini ya namba yake," alisema. "Nikiikuta pengine, mwenyewe nimemfuta mashindanoni. Sitaki kuombwa, sitaki kuliliwa."

Hakusema kwa nini. Watu wa filimbi hawana kawaida ya kusema kwa nini.

Kwa hiyo Dada alipoitundika baiskeli kwa breki za usukani ikaanguka, akaigeuza ikaanguka tena, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaisukuma mpaka nyuma ya hema la mizigo na kuiegemeza kwenye uzio. Chini yake akapanga viatu, na soksi ndani ya viatu.

"Filimbi akiiona?" Mlingoti aliuliza.

"Niachie mimi. Ukitoka majini njoo moja kwa moja hapa. Umepaona?"

"Nimepaona, Dada."

Alimfunga kofia ya kuogelea, ikakaa juu ya utosi tu, ikabidi aivute kwa mikono miwili. Kisha honi ikalia, na watu wote wakajitupa ziwani kwa fujo ya ajabu.

Walianza kutoka wenye nguvu. Wakafuata wa kawaida, kisha wanaokohoa, kisha mzee mmoja aliyetembea taratibu kama mtu anayetoka kuoga nyumbani kwake. Uwanja ulijaa vishindo, baiskeli zikachomolewa, mabomba yakabaki matupu. Dada alisimama kwenye kona ya hema akitazama njia ya ufukweni. Mlingoti hajatokea. Atakuwa nyuma kidogo, alijiambia. Ni mzito majini, anajulikana.

Ufukweni, kijana wa kuhesabu vichwa alikuwa ameshachanganyikiwa, kwani baadhi ya waogeleaji walikuwa wameacha njiani wakatokea upande mwingine na kuchukua baiskeli zao. Filimbi akaja mwenyewe. Alipita safu kwa safu, mikono nyuma, akitazama mabomba. Alifika kwenye namba ya Mlingoti, akakuta pako wazi, akaendelea. Mwishoni akainua redio mdomoni.

"Safu zote tupu. Wote wameshatoka majini. Rudisheni mashua za uokoaji."

Dada alisikia kila neno. Sasa ndipo alipoelewa kwa nini baiskeli isihamishwe: pale bombani ndipo mtu anapohesabiwa kuwa hai.

Alikimbia nyuma ya hema. Baiskeli ilikuwepo. Soksi zilikuwemo ndani ya viatu, kavu.

Alipaswa kupiga kelele papo hapo. Mimi na wewe tungesema hivyo. Lakini alisimama. Aliwaza labda kijana ameacha, yuko ufukweni amejifunika taulo, anaona haya kuja. Aliwaza akisema, ataondolewa mashindanoni mdogo wake, kijana aliyeamka alfajiri miezi yote hiyo kabla ya kwenda kubeba saruji, na itakuwa kosa la dadaye. Akauona pia uso wa Filimbi, na wasaidizi wenzake wakigeuka kumtazama. Alisimama hivyo, mkono juu ya siti, muda wa mtu kumenya chungwa na kulila. Kisha akasikia mashua ya kwanza ikiburutwa mchangani.

"Mwalimu!" Sauti ilimtoka asiyoijua. "Mwalimu, mdogo wangu yumo majini! Baiskeli yake niliihamisha mimi! Iko huku, hajaja kuichukua!"

Filimbi hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alitazama ile baiskeli, akageuka na kukimbia kuelekea ufukweni na ile miguu yake ya uzeeni, akipayuka kwenye redio mashua zirudi.

Dada alisimama ukingoni maji yakimfika magotini, fulana ya msaidizi ameishika kwa ngumi mbili. Hakulia. Hakuomba pia. Mashua ilikwenda mpaka ikawa ndogo, ikazunguka, ikazunguka tena, ikasimama. Watu wawili waliinama ubavuni mwake. Walivuta kitu kirefu.

Alikuwa mzima. Walimlaza mchangani akitetemeka, midomo imegeuka rangi, vidole vimekakamaa kwa kushika kamba ya boya. Daktari alimpima, akamfunika blanketi, akasema mshukuruni Mungu, angechelewa kidogo asingeendelea kushika. Dada alipiga magoti akaanza kumkausha kichwa kwa taulo.

"Misuli ilinikaza miguu yote miwili," Mlingoti alisema, meno yakigongana. "Nikashika boya. Nikapunga mkono, nikaona mashua zinaondoka."

"Nyamaza, pumzika."

"Sikuogopa sana, Dada. Niliwaza, Dada yuko palepale. Akiona tu baiskeli bado ipo, hatakawia hata kidogo, atawaita."

Mkono wa Dada ulisimama. Filimbi, aliyekuwa amekaa mchangani karibu nao akihema, aliinua macho akamtazama, kisha akayaangusha.

Dada alimshushia mdogo wake taulo mpaka usoni, kama anayemfuta macho.

"Sikukawia, mdogo wangu," alisema. "Sikukawia hata kidogo."