Karata za chef kwenye écran kubwa

Leo mutu asiniulize nani alicheza na ordinateri ya chef. 🙊 Musome, kisha munihukumu.

Tuko kambi ya Lac Vert, penye tunagawaka chakula kwa wakimbizi. Chef anaambia wamama wenye walikimbia Masisi: « Mungojee, système imekufa. »

Imekufa wapi? Mimi ndiye naitunzaka, najua inapumua. Chef anacheza karata mule ndani!

Alipoenda kunywa chai, nikamutilia kaprogramu kadogo: dirisha yoyote atafungua, ihamie yenyewe kwenye écran kubwa, ile kioo ya ukutani ya kuitia watu majina.

Kwa ordinateri yangu ya Linux nilikuwa nimejaribu, ikakatala. Kwa ile yangu, Linux yenyewe ndiyo inaamua dirisha ikae wapi, wewe unaomba tu.

Kwa ya chef, ya Windows? Ikatii sawa mutoto wa première communion mbele ya padiri.

Karata zikatokea mbele ya watu wote. Chef, mwenye amepa écran kubwa mugongo, anabofya tu, anatafuta muchezo wake kwa écran yake ndogo.

Mama mumoja, mutoto mugongoni, akasogea:

« Papa chef, weka saba nyekundu juu ya nane nyeusi. Maliza mbio, batoto bako na njaa. »

Système ikafufuka palepale.