Siku Baba Alipofunga Bila Kusema

Baba yangu alikuwa fundi magari Buyenzi, na magoti yake yaliharibikia chini ya malori. Sukari ilimjia baadaye. Alipoacha kazi alikuwa anasali ameketi kwenye kiti, na hilo lilimuumiza kuliko magoti yenyewe, maana watu wa rika lake bado walikuwa wanasujudu.

Ndipo akaingia kwenye utafiti uliokuwa ukifanyika katika nyumba moja ya kupanga huko Gihosha. Madaktari walitaka kujua kama wazee wenye sukari, wakifanyishwa mazoezi kwa utaratibu, miguu yao itabaki na nguvu kuliko ya wale wanaopewa dawa na ushauri tu. Makundi yalipangwa kwa kura. Baba akaangukia kundi la mazoezi, na baada ya miezi michache akawa anainuka kwenye mkeka bila kushika ukuta.

Ramadhani ilipokaribia, daktari wao, mama mmoja mpole, aliwaomba Waislamu wote wanaotaka kufunga waseme mapema, ili dawa zao zibadilishwe na vipimo vyao viahirishwe hadi baada ya Idi. Baba alisema hatafunga. Nilikuwepo, na nilimwamini.

Siku ya kipimo, Ramadhani ikiwa imeanza, nilimpeleka kwa teksi. Nilimpa chupa ya maji, akaiweka mapajani bila kuifungua. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikamuuliza polepole kama amefunga. Akageukia dirishani, akasema hilo ni kati yake na Mungu, na kwamba nikifungua mdomo mbele ya daktari, nisikanyage tena kwake.

Nesi alimuuliza kama amekula. Baba akajibu kwamba amekunywa chai na mkate, na dawa amemeza. Nilimtazama, yeye akakwepa macho yangu.

Kipimo chenyewe kilikuwa kutembea kwenye korido ndefu, kwenda na kurudi, kwa mwendo wa haraka anaouweza mtu. Baba alianza vizuri. Alipogeuka mara ya kwanza niliona jasho shingoni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Alipogeuka tena, vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Nesi alikuwa anaangalia saa. Nilijiambia kwamba akifika mwisho salama nitanyamaza. Kisha akanyoosha mkono kuushika ukuta, na mkono ukapita hewani.

Nikasimama. "Amefunga," nikasema. "Hajala kitu tangu daku."

"Apana," Baba akasema. "Huyu mutoto anasema uongo." Lakini maneno yalimtoka mazito kama ya mlevi, na magoti yakalegea. Tulimdaka mimi na nesi, tukamkalisha chini. Daktari akaja mbio, akamchoma kidole. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakaleta juisi, Baba akafumba mdomo.

Daktari hakubishana naye kuhusu dini. Alimwambia tu kwamba asipokunywa sasa hivi atazimia. Baba akanitazama. Nilitegemea hasira, lakini alikuwa ameogopa.

"Baba, kunywa," nikamwambia. "Siku hii utailipa baadaye."

Alisema bismillahi kwa sauti niliyoisikia kwa shida, akanywa. Glasi ilikuwa inagonga meno yake.

Hakuzungumza nami njia nzima, wala siku zilizofuata. Nilikuwa napeleka chakula, dada yangu anakipokea mlangoni. Nilisikia kwamba daktari alimpigia simu kumweleza kuwa ana ruhusa ya kuacha utafiti au kuendelea, na kwamba shehe wa msikiti wetu alikaa naye barazani baada ya Alasiri.

Baada ya Idi aliniita mwenyewe. Alikuwa ameketi kitandani, ameshikilia kofia yake.

"Niliogopa watanitoa," akasema. "Mi siwezi kurudi kwenye kile kiti."

Nikamkumbusha kwamba daktari alikuwa ameeleza wazi: kufunga hakumtoi mtu. Akasema alisikia, ila hakusadiki. Maisha yake yote, gari lenye hitilafu hutolewa barabarani.

Alirudia kipimo wiki ile. Aliniomba nisiingie, nikakaa nje kwenye ngazi, nikisikiliza viatu vyake vikienda na kurudi. Majibu ya utafiti bado hayajatoka, na hakuna anayejua kama mazoezi yale yatawafaa wazee wengine. Baba anaendelea nayo. Ramadhani iliyofuata alimweleza daktari, kabla hajaulizwa, kwamba anataka kufunga, na daktari alipomshauri asifunge, alinuna siku mbili, kisha akakubali.