Mahindi ya Kamba

Siku ya kuvuna, Ikupa alikwenda shambani kwa sababu watu walikwenda shambani. Tangu wamzike mumewe, Andongwisye, mwili wake ulifanya kazi, mwenyewe hakuwamo. Alikula alichopewa. Akipewa pole, "Ndaga," aliitikia "Ndaga," basi.

Watu wa Suma wakivuna, midomo huchoka kabla ya mikono. Siku hiyo majirani walinyamaza kwa kumheshimu, heshima ambayo wala hakuiona. Alivunja hindi, akatupia tengani, akavunja jingine.

Jioni, lundo likiwa uani, shemeji yake Jotham alitoka shambani ameshika ukamba wa mgomba.

"Shemeji, mabua yenye kamba mbona matupu?"

Ikupa aliutazama ule ukamba. Andongwisye aliufunga mwenyewe, wiki ya mwisho aliyoweza kutembea. Kila mwaka alipita shambani akiyafunga kamba mahindi ya mbegu, mbegu aliyoachiwa na mama yake, ili yavunwe peke yake na kutundikwa juu ya moshi wa jikoni. Hata mtoto wa nyumba ile alilijua hilo. Na Ikupa ameyavunja yote, yamechanganyika na mengine.

"Si neno," Jotham alisema. "Siku hizi Tukuyu kila duka lina mbegu za pakiti. Kesho lori la mchuuzi linakuja, tupukuchue tu."

"Msipukuchue."

"Sasa utayajuaje, shemeji?"

Ikupa alikaa chini mbele ya lundo.

Miaka yote alijaribu kumsaidia mumewe kuchagua, na miaka yote yule bwana alimrudishia. "Hilo la kula, mama Lugano." Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mtu mbishi yule, na Ikupa naye hakuwa nyuma.

Alichukua hindi nene, mistari imenyooka, akaliweka pembeni. Kimya. Akaongeza la pili. Kisha akapekua lundo makusudi mpaka akapata kibaya kuliko vyote, kihindi kifupi kilichotobolewa na wadudu, punje za kuhesabu. Akakiweka juu ya mahindi ya mbegu, akangoja.

Hakuna aliyemwambia hilo la kula.

Ndipo Ikupa alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Jotham akaenda kuwaambia majirani wasipukuchue.