Nilishukuru Kupona Nikiwa na Uvimbe Kinenani

Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa letu la Njiru nikatangaza kwamba Mungu ameniponya kansa. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakaitika.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali, unabonyeza uvimbe.

Wacha nianze mbali kidogo ndio usinihukumu haraka. Ukimaliza kusoma, nihukumu tu.

Naitwa Kyule, ni mchongaji. Kazi yangu ni twiga na vifaru wa kuuzia watalii, na karakana yetu iko upande wa Majengo. Sisi hukaa chini, tukashika gogo kwa nyayo, mikono ikachonga. Mti ukiwa mweupe tunaupaka kiwi nyeusi ya viatu hadi ufanane na mpingo. Ndiyo, tumewadanganya wengi.

Kwa hivyo doa jeusi lilipotokea kwenye wayo wangu wa kulia, nilijua ni kiwi. Nililisugua kwa jiwe miezi saba. Pale kazini kila mtu ana nyayo nyeusi, nani angeshtuka?

Lilipoanza kutoa damu ndipo nikaenda hospitali.

"Ni melanoma," Daktari Wachira akasema. "Kansa ya ngozi."

Nikamwuliza kama hiyo si ya wazungu. Nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka.

Walinikata kipande cha wayo, kisha nikaanzishiwa dripu kila wiki tatu. Ni dawa ya kuamsha kinga ya mwili ili ipigane yenyewe, wenyewe wanaiita imunotherapi. Baada ya dripu ya tano nikapigwa picha za mwili mzima, zikatoka safi.

Mke wangu Ndinda ni kiongozi wa akina mama kanisani. Alipozisikia hizo habari, yeye na Pasta Phares wakapanga ibada ya shukrani. Mbuzi wakatafutwa, hema likakodishwa, ndugu zake wakatoka Machakos.

Alhamisi kabla ya ibada, nikiwa naoga, nikagusa kinena cha mguu ule ule. Kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kokwa ya zambarau.

Nikajiambia ni mtoki tu, mtoki huja mtu akiumia mguu. Lakini mtoki huuma. Huu haukuuma hata kidogo.

Ningesema nini? Pasta wetu hufundisha kwamba ugonjwa ukiutamka umeukaribisha. "Usikiri udhaifu, kiri ushindi," husema hivyo kila Jumapili. Na wageni walikuwa wameshafika.

Nikanyamaza. Nikashuhudia. Nikala mbuzi.

Wiki iliyofuata ilikuwa dripu. Nesi wa pale, Sista Fadumo, huuliza maswali yale yale kabla ya kutafuta mshipa.

"Mzee, kuna uvimbe wowote mpya?"

"Hakuna."

"Kinena, kwapa, shingo?"

"Hakuna, sista. Mimi nilishapona."

Akaandika.

Nitasema ukweli hata kama ni aibu. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kurudi kanisani na kansa.

Wiki tatu baadaye akauliza tena, nikakana tena. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa yai. Nikaanza kuvaa suruali pana.

Seth, tunayekaa naye kazini, alikuwa akinichokoza. "Buda, siku hizi unavaa ka MC wa harusi."

Nikacheka naye.

Mara ya tatu hata hatukufika kwa maswali. Mguu ulikuwa umevimba hadi kiatu kimekataa, na Fadumo aliniona nikichechemea kutoka mlangoni. Akaniambia nilale kitandani. Akagusa, akaenda kumwita daktari.

Nikapigwa picha upya. Kansa ilikuwa imerudi huku dripu zikiendelea. Sasa ilikuwa kwenye mapafu na kwenye ini pia.

"Huu uvimbe ulianza lini?" Daktari Wachira akauliza.

"Juzi juzi tu."

"Mzee, ungeniambia uvimbe ukiwa bado mdogo, ukiwa hapo peke yake, tungeutoa na tubadilishe dawa. Siwezi kusema ungepona. Lakini tungekuwa na pa kuanzia."

Nikatoka nje. Ndinda alikuwa kwenye benchi, Biblia mapajani. Nikaketi kando yake nikijua naenda kumvunja moyo.

"Mama Ngui, kuna kitu nimekuficha. Imerudi. Kuna uvimbe, ulianza kabla ya..."

"Alhamisi," akasema.

Nikamgeukia.

"Nilikuwa nakuletea taulo," akasema. "Nikakuona ukijigusa hapo. Kesho yake mchana ukiwa umelala, nikaugusa mwenyewe."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulisema?"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hata hayafuti.

"Baba Ngui, Pasta alitaka tuahirishe ibada, bibi yake alikuwa mgonjwa. Mimi ndiye nilikataa. Niliona ukishashuhudia mbele ya watu wote, Mungu hatakubali kukuaibisha."

Nilimkasirikia sana, kama dakika moja hivi. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyekuwa nikiulizwa na Fadumo, si yeye. Nikamshika mkono.

Wiki saba. Tulikuwa tunakula sahani moja, tunaomba pamoja, na kila mmoja anajua.

Sasa niko kwa dawa nyingine. Daktari haniahidi kitu, na mimi siku hizi simwombi aniahidi.

Jumapili iliyopita tulisimama kanisani, mimi na yeye, tukasema imerudi. Hakuna aliyepiga makofi. Wimbo ukaanzishwa haraka haraka.

Ibada ilipoisha, mama mmoja akamfuata Ndinda nyuma ya kanisa, akamwomba amguse titi. Alisema ana kitu hapo tangu Krismasi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa wawili kwa kitanda kimoja, kila mmoja akimfichia mwenzake, na tukaiita imani.

Ukigusa kitu mwilini mwako leo, mwambie mtu leo. Mungu alishakiona kabla yako.